Upana wa Herufi Ishirini na Sita

Kituo cha Maji, Sikuli
9 Januari 2007

Kwa mpwa wangu Inonge, mwenye akili kuliko Lusaka nzima,

Salamu nyingi. Mimi mjomba wako niko imara kama nguzo ya daraja. Juzi kiboko alipanda ukingoni akaingiza kichwa dirishani kwangu, nikiwa napokea vipimo kwa redio. Akasikiliza habari zote mpaka ya hali ya hewa, akaguna, akarudi majini. Jirani yangu Mama Imbula alikuwepo, ila yeye atakuambia alikuwa ng'ombe. Msamehe. Macho yake si ya kutegemea.

Nakuandikia juu ya ile programu yako. Tangu ofisi ituletee kompyuta na wewe ukaitia ubongo, mimi ni mtu mkubwa hapa. Nawaambia watu: mnamkumbuka yule mtoto niliyekuwa namvusha kwa mtumbwi kwenda shule, kiatu kimoja mguuni na kingine kichwani? Ndiye anayewaambia sasa maji yanakuja lini.

Kila asubuhi naandika neno moja tu, nayo inanitandikia vilima vyetu vyote tunavyoishi juu yake humu bondeni, kila kilima na mstari wake: jina, maji ya leo, maji ya jana, saa ya kipimo, jina la aliyepima, na mwisho kabisa neno TULIA au HAMISHA. Likija HAMISHA, napandisha kitambaa mlingotini, chekundu cha Nambwae au cha njano cha Liyoyelo, na watu wanapakia mitumbwi waende nchi kavu. Amri ya ofisi unaijua, tangu mwaka ule niliopandisha kwa hisia zangu watu wakahama bure, ndege wakala mtama wao wote: hakuna neno, hakuna kitambaa.

Sasa shida ni hii. Mistari inavunjika. Mstari unafika ukutani mwa kioo cha kompyuta, unakunjwa, mabaki yanaanguka chini. Neno la Nambwae linakwenda kukaa kichwani mwa Liyoyelo kama kofia ya kuazima. Jana nusura niwahamishe watu wa Liyoyelo kwa neno lisilo lao. Sababu ni kioo. Kile kikubwa kilipigwa na radi kikayeyuka kama samli, wakaniletea kidogo cha kunyolea ndevu. Fupisha mistari.

Mdogo wangu Nasilele, yaani mama yako, hajambo. Yuko Nambwae na ng'ombe wake, ananiletea maziwa mgando. Anasema yeye hahami kilimani mpaka akione kitambaa cha kaka yake. Huyo ndiye mwanamke!

Mimi mjomba wako,
Sitali Mukelabai
Mkuu wa Maji (ofisi inaandika "msoma vipimo", lakini ofisi inajua nini?)


Lusaka
20 Januari 2007

Malume,

Nakupigia makofi ya heshima kutoka huku, mjomba wangu. Nimeicheka habari ya kiboko mpaka wenzangu kazini wakauliza.

Programu haianzi kuandika hovyo. Kwanza inaliuliza dirisha la maandishi kwenye kioo chako: una nafasi ya herufi ngapi kwa upana? Likijibu themanini, inaandika kwa themanini. Mstari wangu mrefu kuliko yote una herufi sitini na mbili. Kioo kidogo hakipunguzi herufi, Malume, kinazifanya ndogo tu. Kwa hiyo sielewi kwa nini inavunjika. Kuna mtu aliyezikuza herufi? Na wewe macho yako yakoje? Usiniambie ya kiboko, niambie ya kweli.

Kwa sasa nimefanya hivi. Mstari ukikunjwa, unakunjwa kati ya neno na neno, na mabaki yanaanza ndani kidogo, kama mtoto aliyesimama nyuma ya mama yake, ili ujue ni ya mstari wa juu. Pembeni kila unapokunjwa nimeweka kimshale. Hutakosea tena.

Mwambie mama nitakuja maji yakishuka. Asibebe ndoo mbili.

Inonge


Sikuli
3 Februari 2007

Mpwa wangu,

Umeniuliza macho! Mimi! Nilipokuwa Kitwe nilikuwa nasoma namba ya garimoshi likiwa bado nyuma ya kilima. Mzungu wa reli akaleta darubini kuhakikisha, nikamwambia irudishe, inanipunguzia. Hata leo nzi akitua ng'ambo ya mto naweza kukuambia ni dume au jike. Usirudie swali hilo, na hasa usiliandike kwenye barua ya ofisini. Kuna watu wanaitaka kazi yangu, na mtu asiyeona hasomi maji. Nikiondolewa hapa nitakuwa nani? Mzee wa kufukuza kuku.

Sasa hiyo dawa yako imeongeza ugonjwa. Kilima kimoja kinachukua mistari miwili mpaka mitatu, kioo kinajaa, vilima vya juu vinakimbia kabla sijavishika. Na hivyo vimshale! Nilidhani sisimizi wamepanda kwenye kioo. Nimevifuta kwa kitambaa mara tatu. Mama Imbula akanikuta. "Unafuta nini, Mkuu?" "Vumbi." "Vumbi gani hilo, mbona kioo kinang'aa?" Nikamwambia akaangalie sufuria yake, inaungua. Haikuwa imeungua, lakini alikwenda.

Nataka hivi: kilima kimoja, mstari mmoja. Mstari haukunjwi, si mkeka. Saa ya kipimo sina haja nayo, na aliyepima ni yule yule Mubiana kila siku, nimjue mara ngapi? Na hilo TULIA nalo liondoke. Mtu aliyetulia hapigi kelele kwamba ametulia. Na usiweke kidudu chochote pembeni.

Mjomba wako,
S. Mukelabai, Mkuu


Lusaka
14 Februari 2007

Malume,

Nimesikia na nimefanya kama ulivyosema. Saa imetoka, Mubiana ametoka, TULIA imetoka. Pasipo na neno, pametulia. Mstari sasa ni huu tu:

Nambwae leo 2.95 jana 2.90

Na siku ya hatari (namba ni za mfano tu):

Nambwae leo 2.95 jana 2.90 HAMISHA

Herufi thelathini na nne, ukihesabu na nafasi. Nimezuia usikunjwe kabisa. Ukizidi upana wa dirisha unakatwa hapo hapo, bila mshale, bila nukta, bila kidudu. Lakini hautazidi. Mwenzangu hapa kazini aliniuliza, "Sasa dirisha likiwa jembamba zaidi?" Nikamjibu hakuna kioo duniani kisichotosha herufi thelathini na nne.

Swali la macho nimeliacha kwa heshima. Sijalisahau.

Inonge


Sikuli
1 Machi 2007

Inonge, binti wa mdogo wangu, mhandisi wa wahandisi,

Sasa ndiyo umefanya kazi! Kilima kimoja, mstari mmoja, kama wanajeshi. Herufi zako nono, nzuri, nazisoma huku nakunywa chai. Juzi Liyoyelo ilipata HAMISHA, nikapandisha cha njano, na kabla ya adhuhuri watu wote walikuwa nchi kavu, hata yule mzee mbishi na bata wake. Wakaja kunishukuru. Nikawaambia msinishukuru mimi, mashine ya mpwa wangu haikosei, ikisema hama, hama, ikinyamaza, lala. Nimewaambia hata Ulaya wameomba kuiazima. Ukiulizwa, kubali.

Mvua huku juu ni nyingi. Mama yako jana alikuja kwa mtumbwi na perege wawili. Akakaa mlangoni ananitazama tu. Nikamwuliza, "Unatazama nini?" Akasema, "Namtazama kaka yangu, kuna kodi?" Akanipikia, akaniweka mkono kwenye sahani kama mtoto, akacheka, akaondoka.

Mjomba wako,
Sitali Mukelabai
Mkuu wa Maji na Msimamizi wa Mashine


Lusaka
22 Aprili 2007

Malume,

Msibani hatukusema kitu. Ulikaa kwa wanaume ukiwa umeinama, nami nilikuwa ndani na kina mama, na siku ya tatu ofisi ikaniita kazini. Kwa hiyo naandika.

Tarehe kumi na sita Machi wewe ulikuwa kituoni. Tarehe kumi na saba maji yaliifunika Nambwae. Wengine waliondoka yalipoingia milangoni. Mama hakuondoka nao. Walimwita, akawaambia kitambaa cha kaka yake hakijapanda, hayo ni maji ya kupita. Waliporudi kumchukua mkondo ulikuwa umeshakuwa mkali, mtumbwi ukapinduka, wao wakaogelea, yeye wakampata kwenye matete baada ya siku mbili. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu sijawahi kuyasema kwa mdomo wangu mpaka leo.

Ninalotaka kujua ni moja. Nakala ya programu iliyoko huku inaonyesha kwamba asubuhi ya tarehe kumi na sita, Nambwae ilipewa HAMISHA. Nimeitazama mara ishirini. Neno lilikuwepo, siku nzima kabla.

Kwa nini kitambaa hakikupanda?

Inonge


Sikuli
4 Mei 2007

Inonge,

Neno nililiona.

Nililiona asubuhi, likiwa wazi, nikiwa nimeshika kikombe. Nikasema nitapandisha baadaye. Nikaenda ng'ambo kwenye pombe ya asali, kulikuwa na watu, nikawa nawasimulia habari za Kitwe. Unanijua nikianza kusimulia. Niliporudi nilikuwa nimelewa, nikalala. Ndiyo hivyo.

Usiitafute kasoro kwenye programu. Haina. Usiikague tena, utajichosha bure. Nichukie mimi. Mimi ni mtu mzima, ninapo mahali pa kuiweka chuki yako, na wewe bado una kazi ya kufanya duniani.

Sitali


Lusaka
18 Mei 2007

Malume,

Sikukusikiliza, nimekagua.

Kumbe programu yangu kila inapoliuliza dirisha upana, inaliandika jibu kwenye kumbukumbu. Mimi mwenyewe niliiagiza hivyo siku ya kwanza, nikasahau. Kumbukumbu hiyo huja huku kila wiki na hakuna aliyewahi kuifungua. Novemba dirisha lako lilikuwa na herufi themanini. Ulipoandika kuhusu radi, hamsini na nane. Siku ya sisimizi, arobaini na nne. Mwisho wa Februari, thelathini na sita, na siku ile Liyoyelo ikaokoka kwa herufi moja tu. Tarehe kumi na sita Machi, ishirini na sita.

Dirisha halisinyai lenyewe. Mtu anakuza herufi, nazo kadiri zinavyokua ndivyo chache zinavyoenea. Ulinisifu kwamba herufi zangu ni nono. Mimi sikuzinenepesha, Malume.

Nimeliweka dirisha langu kwenye ishirini na sita, nikaiendesha ile asubuhi tena. Inatoka hivi:

Nambwae leo 4.12 jana 3.61

Basi. Inaishia kwenye ile moja, safi, kama mstari uliokamilika. HAMISHA inaanzia herufi ya ishirini na nane. Hukuliona neno. Na hukulewa, maana Mama Imbula ameniambia kwa simu kwamba siku ile hukutoka kituoni.

Nakukasirikia kwa radi, kwa kioo cha kunyolea, kwa garimoshi la Kitwe. Na kwa hiyo pombe ya asali nakukasirikia zaidi, maana ulitaka nikuchukie kwa jambo ambalo hukulifanya. Aliyelikata neno la mama ni mimi. Nilikuwa na njia ya kulikunja nikachagua kulikata, nikaondoa na alama, nikajisifu kwa mwenzangu. Kujisifu nimejifunza kwako, lakini makosa ni yangu.

Nimeirekebisha. Haikati tena kamwe. Neno la hatari linatangulia mbele ya jina la kilima, na dirisha likiwa jembamba, mstari unakunjwa. Nimejaribu mpaka upana wa herufi moja. Linashuka chini herufi moja moja, linachukua kioo kizima, lakini linafika.

Niambie kuhusu macho yako.

Inonge


Sikuli
10 Juni 2007

Inonge mwanangu,

Barua hii anaandika Mama Imbula, mimi nasema tu. Yako pia kanisomea yeye. Alipofika kwenye zile hesabu za herufi alisimama, nikamwambia endelea.

Jicho la kushoto lilikufa miaka miwili iliyopita. La kulia nilikuwa nalificha kama mtu anavyoficha deni. Kuna vitufe viwili, ukivibonyeza pamoja herufi zinakua. Nilikuwa navibonyeza kila wiki mara moja, halafu kila siku. Nikafurahi, nikadhani nimeushinda ugonjwa kwa ujanja. Sikujua kwamba kila nikibonyeza, nasukuma kitu kingine nje ya ukuta.

Asubuhi ile nilisoma 4.12, nikasoma 3.61. Mimi ni mtu wa darasa la sita lakini nusu mita naijua. Nusu mita kwa siku moja sijaiona tangu nizaliwe. Nikatoka, nikaishika kamba ya kitambaa chekundu. Nikakaa nayo mkononi, sijui muda gani. Nikasema, neno halipo. Mashine ya Inonge haikosei. Nikaiachia kamba. Kwa hiyo usijitwike wewe peke yako. Wewe ulikata neno, mimi nilikuwa na mkono.

Jumapili nilikwenda kwa watu wa Nambwae, kule nchi kavu walikojenga vibanda. Nikasimama mbele yao nikasema: mimi sioni. Sikuona mwaka huu, sikuona mwaka jana, kazi ya watu nimeifanya kwa kupapasa. Nilitegemea wanipige. Badala yake huyu huyu anayeandika sasa, aliyefuatana nami, akasema, "Mkuu, sisi tunajua. Tunajua tangu ulipomwamkia ndama wangu ukamwita mwalimu mkuu."

(Ni kweli, nilikuwepo. Na yule kiboko pia alikuwa ng'ombe. Mimi Mama Imbula.)

Nikawauliza, mbona hamkusema? Wakajibu mtu mzima haambiwi hivyo, na Nasilele aliwakataza. Walikuwa wanajua wote, Inonge. Mama yako alijua kabla yao. Ndiyo maana alikuwa akija na samaki na kukaa mlangoni ananitazama. Ndiyo maana aliushika mkono wangu akauweka kwenye sahani.

Halafu wakaniambia lile ambalo msibani hakuna aliyethubutu kulisema. Maji yalipoingia milangoni walimwambia, "Mama Inonge, twende, kaka yako haoni, hakitapanda hicho." Akakaa juu ya kinu chake akawajibu, "Nyinyi mna haki ya kwenda. Mimi nikihama kabla ya kitambaa, mimi dada yake, kesho ofisi itasikia kwamba hata ndugu yake hamwamini. Watamwondoa. Atakipandisha. Mpeni muda kidogo."

Kisha akawaambia hayo uliyoyaandika wewe, ya maji ya kupita, ili waondoke kwa amani. Hakuyaamini hata yeye.

Nimeacha kazi. Nimeandika, yaani nimeandikiwa, na nimewaambia ofisi sababu yenyewe bila radi. Mubiana amehamia kituoni, anasema neno sasa linakuja mbele, kubwa. Kazi yako ni nzuri. Endelea nayo, usiiache kwa ajili yangu.

Nina ombi. Tangu mazishi sijafika kaburini kwa mdogo wangu. Njia ile ina mashimo ya fuko, na sikutaka mtu anione ninavyopapasa. Sasa wote wameshaniona, lakini sitaki kushikwa mkono na mwingine. Maji yameshashuka. Njoo unipeleke.

Sitali Mukelabai